Makachu yanafuata maji, hayafuati kamera

Mhariri,

Tupatie nafasi kwenye safu ya barua tuseme juu ya makachu ya Forodhani, mchezo wa kujirusha baharini kwa sarakasi kutoka ukutani, ambao siku hizi si wa vijana wa Mji Mkongwe peke yao. Huja mtu na kamera, mwengine na droni, mwengine na furushi la fulana zenye nembo ya kampuni yake, na wote wanataka kitu kimoja: vijana waruke magharibi, jua likizama nyuma yao. Biashara hatuipingi. Kinachotutia uchungu ni kijana kujirusha bure huku picha yake ikiuza vyumba vya hoteli, tena aruke saa aliyopangiwa na mtu asiyejua bahari ya Unguja inakwendaje. La fedha tutalifikia. Kwanza maji.

Bamvua, yaani bahari kujaa na kupwa kuliko siku nyengine, huja siku mbili tatu baada ya mwezi mwandamo, na tena baada ya mwezi mpevu. Siku hizo bahari hapa mjini hujaa baina ya saa kumi na saa kumi na moja za jioni, kisha kila siku huchelewa kama dakika 50. Ukihesabu hivyo utaona kwamba mwezi nne au tano (tunahesabu siku tangu mwezi kuandama), na tena mwezi 19 au 20, maji na jua hukutana, na picha inayotakiwa inapatikana bila ya kumtia mtu hatarini. Lakini mwezi 11 au 12, na tena 26 au 27, bahari hujaa adhuhuri, na magharibi imeshakupwa. Kila mvuvi wa Malindi ya hapa Unguja anaijua hesabu hii. Mpiga picha aliyekata tiketi ya ndege kwa wiki hiyo haijui, atadai jua lake, na kijana asiye na kitu mfukoni atamrukia.

Watu hudhani maji hupungua kidogo kidogo kwa mwendo mmoja. Sivyo. Kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa sita, na ukiugawa mshuko wote mafungu 12, saa ya mwanzo huondoka fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya mwisho 1. Bamvua kubwa hupishana kama mita 4 baina ya maji makuu na maji kavu. Kwa hiyo saa ya mwanzo bahari imeshuka sentimita 33 tu, baada ya saa mbili imeshuka mita nzima, na baada ya saa tatu mita 2. Nafasi salama ya kuruka basi ni saa moja kabla ya maji kujaa na saa moja baada yake. Mwenye kamera akichelewa kwa sababu betri ya droni inachajiwa, anayelipa kuchelewa huko ni mrukaji.

Tena bahari ikishuka hatari huongezeka mara mbili, na hili wengi hawalipimi. Maji yakipungua mita moja, kina kimepungua mita moja na ukuta nao umepanda mita moja. Kutoka mita 3 mtu huanguka kwa kama sekunde 0.78 na huyapiga maji kwa kasi ya kilomita 28 kwa saa. Kutoka mita 4 ni sekunde 0.90 na kilomita 32. Tofauti ya kasi ni ndogo, tofauti ya muda ndiyo inayoumiza. Kijana aliyezoea kumaliza mzunguko mmoja wa sarakasi kwa mita 3 atazidisha zaidi ya digrii 50 akiruka kwa mita 4 bila ya kujirekebisha, naye ataangukia mgongo au uso badala ya miguu. Ukisikia sauti ya kofi kubwa majini na watalii wakapiga makofi, ujue kuna mtu ameumia kifua.

Kina nacho kina kipimo chake. Kwenye mabwawa ya mashindano ubao wa mita 3 unatakiwa uwe na maji yasiyopungua mita 3.7 chini yake, na jukwaa la mita 10 liwe na mita 4.5. Pale ukutani hatuna bwawa, tuna mchanga unaohama na msimu, mawe, chupa, na nanga za boti zinazopeleka wageni kisiwa cha Changuu. Kazi ya kwanza ni kuingia maji yakiwa kavu, ukatembea chini ukiangalia kila kilichokuwapo, ukakiondoa au ukakitia alama. Ya pili ni bildi: kamba yenye chubwi zito, imefungwa fundo kila nusu mita, ishushwe mahali patano pale wanapoangukia, saa ile ile ya kuruka. Usipime mahali pamoja tu ukaridhika, maana hatua tatu kando yake pengine pana tuta la mchanga. Kilichopimwa mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma, hakikufai Julai kusi ikiwa imeshika. Bildi ikitoa chini ya mita 3.7, kichwa kisitangulie siku hiyo, hata kwa dau gani.

Halafu yako maombi ya watengeneza matangazo. La kwanza ni kikoi. Vijana wa makachu huruka na kaptura, jinzi iliyokatwa, jezi ya timu wanayoipenda, na huo ndio uhalisia wenyewe. Anayewavisha kikoi "ili ionekane Zanzibar" hajui kwamba kitambaa kile kikilowa hushika miguu na kumzuia mtu kupiga maji. La pili ni kuruka kumi kwa pamoja. Kwenye picha hupendeza, lakini wa nyuma hamuoni wa mbele amezuka wapi, na goti likikutana na kichwa chini ya maji hakuna daktari wa kulitibu. Desturi nzuri ni mmoja mmoja, na wa pili asikanyage ukingo mpaka wa kwanza ameogelea kando. La tatu ni "rudia tena". Mruko wa 15 haufanani na wa 3: mapaja yamechoka, jiwe la kukimbilia limelowa na linateleza, na nyayo zimejaa mchanga. Idadi ya mirudio iandikwe kabla ya kamera kutoka mkobani.

Kwengine walioruka kabla yetu wameyajua haya, na hawakufukuza biashara. Warukaji wa La Quebrada, Acapulco, huko Mexico, hushuka kutoka mwamba wa mita 35 hivi kwenye mlango mwembamba wa bahari. Husubiri wimbi liingie ndipo wajiachie, kwa sababu bila ya wimbi kina hakiwatoshi. Mtalii hulipa kiingilio na hungoja wimbi pamoja nao. Pale Mostar, Bosnia, vijana wa daraja kongwe hukusanya fedha kwanza kwa wanaotazama, na kikitimia kiasi chao ndipo mmoja anaruka mtoni Neretva. Mashindano ya Red Bull ya kuruka kutoka majabali, yaliyoanza 2009, huwarusha wanaume kutoka mita 27, lakini miguu ndiyo inayotangulia kuingia na wazamiaji wamo majini tayari wakimngoja. Kampuni kubwa hiyo, fedha nyingi hizo, na bado anayeruka anakuta kanuni iliyotangulia kamera.

Tofauti yetu na michezo mengine ya aina hii iko kwenye bidhaa. Fedha za ubao wa mawimbi na ubao wa magurudumu ziko kwenye ubao, viatu na nguo. Quiksilver ilianza Torquay, Australia, mwaka 1969 kwa kaptura za wapanda mawimbi. Ikakua mpaka ikawa inategemea wanunuzi wa madukani wasiowahi kupanda wimbi, na Septemba 2015 kampuni yake ya Marekani iliomba kinga ya kufilisika. Nike, kampuni ya viatu, iliinunua Hurley, kampuni nyengine ya nguo za wapanda mawimbi, 2002, ikaiuza 2019. Mitindo ilihama, nao wakahama. Hapa kwetu, Paje, mwenye tiara ya kumvuta mtu juu ya maji na kamba zake za mita 20 na zaidi ndiye mwenye biashara, na kijana asiye na vifaa huajiriwa. Makachu hayana kifaa. Hakuna cha kuuza ila picha ya mwili wa kijana hewani. Akishaitoa bure, hana duka la pili.

Kwa hiyo karatasi moja, kwa Kiswahili, isainiwe kabla ya mruko wa kwanza. Iseme nani anaruka na ana umri gani, na walio chini ya miaka 18 wasiingie kwenye tangazo bila ya mzazi kusaini. Iseme picha itatumika wapi na kwa muda gani, maana "popote na milele" ndilo neno linalopenyezwa mwishoni kwa herufi ndogo, na ndilo linalomfanya kijana aonekane kwenye ndege na mabango miaka kumi kwa malipo ya jioni moja. Iseme malipo ya siku, kisha malipo mengine kila muda wa matumizi unapoongezwa. Fulana zikitengenezwa, mgao uhesabiwe kwa fulana iliyouzwa. Tuchukue mfano: fulana 400 kwa mgao wa shilingi 2,000 ni 800,000, na hizo ziingie kwenye mfuko mmoja wa warukaji wote, asibebe fungu lote yule mmoja aliyependeza kwenye picha. Na iseme wazi kwamba saa ya kuruka huchaguliwa na warukaji. Haya hayasimami bila ya jumuiya iliyosajiliwa, na vijana wangeanzia Baraza la Michezo kabla wakala hajawasajilia yeye kwa jina lake.

Fungu la mfuko huo linunue ubao wa kubebea majeruhi na kola ya shingo, vikae karibu na ukuta. Aliyeangukia kichwa asivutwe kwa mikono kupandishwa juu, kama inavyofanyika sasa kwa nia njema. Alazwe chali akielea papo hapo majini, mmoja amshike kichwa na shingo vikiwa mstari mmoja na mgongo, wanne wamtie ubaoni, ndipo atolewe kupelekwa hospitali ya Mnazi Mmoja. Zoezi hilo hujifunzwa kwa asubuhi moja, maji yakiwa ya kiuno.

Nawe Mhariri ungetusaidia kwa nafasi ndogo tu gazetini: kila Ijumaa chapa saa za maji kujaa na kupwa za wiki nzima, pamoja na tarehe ya mwezi. Mwenye hoteli akiahidi wageni makachu ya Jumanne magharibi, aweze kuangalia mwenyewe kama Jumanne hiyo pana maji.

Ni sisi wazamiaji na manahodha,
Malindi, Unguja