Ushauri kwa Mama Zuhura: msome Malcom McLean

Shoga yangu Mama Zuhura,

Salamu nyingi kutoka Dar. Sisi huku wazima, watoto wanakusalimu, na mzee bado anaulizia ule mchele wa Kyela uliomwahidi.

Barua yako imenifikia. Umeniambia siku hizi unasoma habari za matajiri wa Marekani, akina Rockefeller, Ford na Sam Walton, upate mwanga kabla hujaamua kama ukope benki uongeze malori au ubaki na hayo matatu uliyonayo. Umeniuliza mimi ningekushauri umsome nani. Msome Malcom McLean. Hao wengine tuwaheshimu, lakini biashara zao ziko mbali na yako. Huyu alikuwa mtu wa malori kama wewe, na kila kontena unalolipandisha mlima wa Kitonga kwenda mpakani Tunduma lina mkono wake ndani.

Alizaliwa mwaka 1913 Maxton, kijiji cha wakulima huko North Carolina. Alimaliza sekondari mwaka 1931, uchumi wa Marekani ukiwa umeporomoka, akaishia kusimamia kituo cha mafuta. Pale kituoni akaja kujua kwamba anayeleta mafuta kutoka Fayetteville, mwendo wa kilomita 45 hivi, analipwa dola 5 kwa safari. Mwenye kituo alikuwa na tela kuukuu limekaa tu uani. McLean akaliomba, akaanza kubeba mafuta mwenyewe. Mwaka 1934 akafungua kampuni ya malori ambayo dereva wake alikuwa yeye peke yake, na kazi ya kituo hakuiacha. Miaka 20 baadaye kampuni hiyo ilikuwa miongoni mwa kampuni kubwa za malori Marekani.

Wengi wetu tungefika hapo tukamshukuru Mungu tukatulia. Yeye aliona barabara za pwani ya mashariki zinajaa magari, malori yanasimama kwenye foleni, na meli za mwambao zinaweza kumshinda kwa bei nafuu. Akafikiri: kwa nini tela lisipande meli, likashukie kusini, likapokelewa na lori lingine? Sheria za wakati huo hazikumruhusu mwenye kampuni ya malori kumiliki meli. Ilibidi achague. Mwaka 1955 akaachia kampuni aliyoijenga kwa miaka 20, akakopa dola milioni 42 kutoka National City Bank ya New York, akanunua kampuni ya meli. Hakuwa amewahi kufanya kazi ya meli hata siku moja.

Hapa nataka usome polepole, maana watu wakisimulia habari zake wanatukuza ujasiri tu, mimi naona hesabu. Kabla meli haijaondoka, watu wake walichukua mzigo mmoja, bia ya kiwanda cha Ballantine kilichokuwa Newark, karibu na New York, wakapiga gharama ya kuipeleka Miami. Walihesabu kila mkono unaoigusa: kuipakia kwenye lori, kuishusha gatini, kuipanga melini, kisha yote hayo kinyumenyume kule inakofika. Bia ikifungiwa kwenye sanduku moja tangu kiwandani, gharama ilishuka kwa asilimia 94. Na walikuwa wameshaona kwamba hata magurudumu ya tela ni mzigo bure, yanakula nafasi melini na masanduku hayawezi kupangwa moja juu ya jingine. Basi magurudumu yabaki nchi kavu, lisafiri sanduku peke yake, na sanduku hilo ndilo kontena.

Masanduku yalikuwepo kabla yake, reli na meli zilikuwa zikiyatumia kwa namna tofautitofauti. Yeye alimtafuta fundi aliyeyajua, Keith Tantlinger, akampa kazi. Masanduku mawili ya kwanza yalipoletwa kwenye karakana ya meli Baltimore, McLean na wakubwa wenzake walipanda juu ya paa lake wakarukaruka kuona kama bati litabonyea. Halikubonyea. Akaagiza mengine. Napenda sana kumfikiria pale juu, mtu mwenye deni la mamilioni, anapima mali yake kwa uzito wa mwili wake.

Tarehe 26 Aprili 1956 meli Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston ikiwa na masanduku 58 juu ya sitaha. Ilikuwa meli ya mafuta iliyobaki kutoka Vita vya Pili vya Dunia. Kreni ilipakia sanduku moja kila dakika 7. Kupakia kwa mikono tani moja ya mzigo usio kwenye masanduku hayo kuligharimu dola 5.83 mwaka ule. Kwenye Ideal X ilikuwa chini ya senti 16. Wewe ni mfanyabiashara, sina haja ya kukufafanulia hiyo.

Utakutana na kisa kwamba wazo lilimjia mwaka 1937 akiwa dereva, alipokaa kutwa nzima kwenye bandari ya Hoboken akisubiri marobota yake ya pamba yapakiwe. Yeye mwenyewe ndiye aliyekisimulia, miaka mingi baadaye. Mimi sikitegemei. Tajiri akishafanikiwa hukumbushwa mwanzo mzuri. Hesabu ya bia inanitosha.

Kuna kitu ambacho hakizungumzwi inavyostahili. Ukienda kwenye kontena lolote, tazama pembe zake: kuna kipande cha chuma kizito chenye matundu ya umbo la yai. Hapo ndipo kreni inaposhika, na hapo ndipo kufuli za tela lako zinapoingia na kuzungushwa. Tantlinger na wenzake ndio waliozitengeneza, na kampuni ya McLean, iliyokuwa sasa inaitwa Sea-Land, ilikuwa na hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine kuziiga. Mwaka 1963 waliiachia haki hiyo, ili muundo huo utumike kuweka kipimo kimoja cha dunia nzima. Washindani wake wakapata bure kitu alichokuwa amekilipia. Lakini bila hivyo kila kampuni ingekuwa na sanduku lake na kufuli yake, na lori lako lingebeba ya mmoja likakataa ya mwingine. Kwangu mimi huo ni uamuzi mkubwa kuliko kununua meli.

Sitakuficha upande wa pili, kwa sababu babu yangu alikuwa kuli hapa Dar. Kazi iliyoshuka kutoka dola 5.83 hadi senti 16 ilikuwa mishahara ya watu. Magati ya Manhattan na Brooklyn kule New York, yaliyolisha maelfu ya familia, yalikufa, mzigo ukahamia upande wa New Jersey kwenye viwanja vipana. Pwani ya magharibi, chama cha makuli chini ya Harry Bridges kilikaa mezani mwaka 1960, kikakubali mashine kwa sharti kwamba waajiri watoe fedha za kuwalinda na kuwastaafisha wazee. Huku kwetu makuli wa Mombasa na wa Dar waligoma mwaka 1947 kudai mshahara, na walikuwa na nguvu kwa sababu bila migongo yao meli haishuki. Kontena lilipokuja, nguvu hiyo nayo ilikwenda. Namheshimu McLean, na hili naliweka palepale kando ya heshima yake.

Vita vya Vietnam vilimpa kazi ya kupeleka mizigo ya jeshi, na meli zilizokuwa zinarudi tupu akazipitisha Japani zichukue bidhaa. Mwaka 1969 aliuza Sea-Land kwa kampuni ya sigara ya R.J. Reynolds, yeye akapata dola milioni 160.

Angeishia hapo ningekuambia ukope kesho. Mwaka 1978 alinunua kampuni nyingine ya meli, United States Lines. Mafuta yalikuwa ghali, akaamini yatazidi kupanda. Akaagiza Korea meli 12 kubwa kuliko zote za makontena wakati huo, kwa dola milioni 570, zilizojengwa ziende polepole ili zile mafuta kidogo huku zikizunguka dunia. Bei ya mafuta ikaanguka. Meli zake zikawa za polepole bila faida ya upolepole huo, na mkopo haukungoja. Novemba 1986 kampuni ilifilisika, ikaomba mahakama iikinge na wadai wake, ikiwa na deni la zaidi ya dola bilioni moja. Mtu yuleyule, ujasiri uleule. Mwaka 1955 alikopa akijua gharama ya kila mkono unaogusa kreti ya bia. Safari hii alikopa kwa kutegemea bei ambayo hakuna mtu anayeishika mkononi.

Kwa hiyo kabla sijasema ndiyo au hapana juu ya mkopo wako, nataka hesabu, Mama Zuhura. Mwambie kijana wako wa ofisini aandike kwa mwezi mmoja kila saa ambayo malori yako yanasimama: getini bandarini, kwenye mizani, mpakani Tunduma, kwa mwenye mzigo akisubiri wapakuzi. Aandike pia yanarudi na nini. Huenda lori la nne umeshalinunua, liko ndani ya hayo matatu likingoja foleni. Nitumie karatasi hiyo hata kama haijakamilika. Mimi nitakuandalia ya upande wa bandari, muda wa kutoa mzigo na tozo za kuchelewa, maana hizo ninazo mezani kila siku.

Msalimie Zuhura, na Baba Zuhura umwambie shemeji yake namuulizia.

Ni mimi shoga yako,
Mama Idi