Mguu si neno fukara

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyelalamika kwamba Kiswahili ni lugha fukara, kwa kuwa neno mguu hutumika kwa kiungo chote kuanzia nyongani hadi kwenye vidole, na kwamba tungepaswa kubuni maneno mapya. Nimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi, na malalamiko hayo yameniuma, kwani maneno anayotaka yabuniwe tunayo tangu zama za mabibi zetu.

Kwanza, neno lenyewe ni la urithi mkongwe wa Kibantu. Mganda husema okugulu, na wingi wake amagulu. Mnyarwanda husema ukuguru na amaguru. Mkikuyu naye husema kũgũrũ na magũrũ. Sisi tumelihamishia neno hilo katika ngeli ya mkono na mti, tukapata mguu na miguu, na sauti ya l iliyokuwa katikati ya irabu mbili ikadondoka, kama ilivyodondoka katika mvua na njaa, ambayo Wachewa wa Malawi hadi leo huyatamka mvula na njala. Sauti hiyo haikupotea kabisa. Imejificha katika vitenzi, ndiyo maana tunasema kuzaa lakini mtoto huzaliwa, na tunasema kukaa lakini kiti hukaliwa. Wanafunzi wangu walikuwa wakifurahi sana kuigundua wenyewe, na kwa kweli hata mimi bado nafurahi.

Kuhusu maana, ni kweli kwamba mguu ni neno pana, lakini msemaji wa Kiswahili hapotei. Tukisema fulani ana miguu myembamba, macho yetu huenda chini ya goti, kwani juu ya goti ni paja, nalo lina jina lake. Tukisema kiatu hakimwingii mguuni, kila mtu anaelewa kwamba tunazungumzia sehemu ya kukanyagia. Mtoto wa madrasa anayefundishwa udhu huambiwa aoshe miguu mpaka kwenye vifundo viwili, na mpaka huo hutajwa kwa sababu mguu haukomei hapo. Kisha kuna matumizi yaliyotoka mbali na mwili: mguu wa meza, kwenda kwa miguu, amri ya mguu pande na mguu sawa iliyotusimamisha gwaride la asubuhi shuleni, na yule asiyetulia nyumbani tunayemwita kiguu na njia.

Sehemu iliyo kati ya goti na kifundo ndiyo hasa iliyomsumbua mwandishi wa barua ile, nayo ina majina ya kutosha. Mbele kuna muundi, ambao wengi huuita pia ugoko, ule mfupa usio na nyama ya kuukinga, ambao ukiugonga kwenye tendegu la kitanda usiku machozi hukutoka kabla hujajua umegonga nini. Nyuma kuna shavu la mguu, ambalo wengine huliita chafu au tafu; na aliyeliita shavu aliangalia vizuri, kwani ni nyama iliyojaa na kutuna kama ile ya usoni.

Kosa ni letu sisi tulioacha kuyatumia. Mpwa wangu alianguka na pikipiki, na katika zahanati aliyofikishwa kwanza iliandikwa tu kwenye cheti kwamba ameumia mguu wa kulia. Picha ikapigwa ya kifundo kilichokuwa kimevimba, ikaonekana salama, akarudishwa nyumbani. Mama yangu mzazi, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la nne, alimketisha kwenye mkeka, akapitisha vidole polepole kutoka gotini kushuka chini, kijana akapiga ukelele katikati ya njia. "Huu ni muundi, mwanangu," akaniambia, "mrudisheni." Picha ya pili ikaonyesha ufa palepale alipoweka kidole. Simlaumu aliyeandika cheti kwa nia mbaya, lakini neno moja mahususi lingemwondolea kijana yule usiku mzima wa maumivu.

Kwa hiyo ninaomba hasa kurasa zako za michezo zianze. Kila wiki tunasoma kwamba mchezaji ameumia mguu, na habari huishia hapo, ilhali mwandishi alikuwepo uwanjani na aliona mahali alipopigwa. Aandike kama ni paja, goti, muundi, shavu la mguu au kifundo. Mchezaji aliyevunjika muundi hatuwezi kumtarajia uwanjani kwa miezi kadhaa, na aliyekazwa na misuli ya shavu la mguu huenda tukamwona Jumamosi ijayo.

Mwalimu mstaafu,
Tanga