Proforma Umetuma, Mteja Anasema Hajaiona

Wateja wetu wengi, hasa mawakala wa forodha wa Posta na wenye maduka ya vipuri Kariakoo, hutupigia simu na lalamiko lile lile. Proforma, yaani ankara ya awali, imetumwa kwa imeli asubuhi, mteja wao anasema hajaona kitu, na mwishowe inapigwa picha na kurushwa WhatsApp. Lawama zote zinakwenda kwa intaneti. Mara nyingi intaneti haina kosa: imeli imefika kwenye seva ya mteja, yaani kompyuta inayompokelea imeli, ila seva hiyo imeshindwa kuthibitisha kwamba imetoka kwako, ikaitupa kwenye spam, folda ya imeli zisizoaminika, au ikaikataa kabisa.

Ikikataliwa kabisa, una afadhali, maana utarudishiwa ujumbe wa kukujulisha. Gmail, kwa mfano, huandika namba 550 5.7.26, ikimaanisha kuwa mtumaji hakuthibitishwa. Watu huufuta ujumbe huo kwa sababu ni wa Kiingereza na umejaa tarakimu. Usiufute, tutumie. Mara nyingi mstari mmoja wa ndani yake unatuonyesha pa kuanzia.

Asili ya tatizo ni ya zamani. Utaratibu wa kusafirisha imeli, yaani SMTP, uliandikwa mwaka 1982, wakati kompyuta zilizounganishwa zilikuwa chache, na haukumtaka mtumaji athibitishe chochote. Mpaka leo, mwenye seva yake anaweza kuandika anwani ya kampuni yako kwenye sehemu ya mtumaji. Kwa hiyo seva inayopokea hufanya kama benki inayokudai barua ya serikali ya mtaa: haisemi wewe ni mwongo, inataka tu mtu anayetambulika akuthibitishe.

Uthibitisho wenyewe ni rekodi tatu, na zote zinakaa kwenye DNS ya domeini yako. Domeini ni lile jina linalofuata alama ya @ kwenye anwani yako, na DNS ni daftari lake la mtandaoni ambalo seva yoyote inaweza kulisoma. Hazikai kwenye Outlook wala kwenye simu, ndiyo maana kufuta programu na kuiweka upya hakusaidii. SPF ni orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako. DKIM ni sahihi ya kidijitali ambayo seva yako huigonga kwenye kila imeli. Mtu akibadilisha namba ya akaunti ya benki humo njiani, sahihi haikubali tena. DMARC humwambia mpokeaji afanye nini ujumbe usipothibitika: aupitishe tu, autupe spam, au aukatae. Pia humwomba akuletee ripoti. Kuna kipengele kimoja cha DMARC ambacho hata mafundi hukisahau. Haitoshi SPF au DKIM kupita. Lazima angalau moja ipite kwa domeini ile ile anayoiona msomaji kwenye sehemu ya mtumaji. Programu ya kutuma matangazo inaweza kupita SPF kwa jina lake yenyewe, na bado ukafeli wewe.

Haya yote yalikuwepo kwa miaka mingi, lakini watu waliyapuuza bila kuumia sana. Februari 2024 Google na Yahoo walikaza. Anayetuma ujumbe 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail anatakiwa awe na zote tatu, na Microsoft nao walifuata mwaka 2025 kwa watumaji wakubwa. Usijifariji kwamba wewe unatuma imeli ishirini tu. Hata mtumaji mdogo anadaiwa awe na SPF au DKIM.

Tukifungua DNS za wateja tunakuta nini? Kesi inayojirudia ni ya ofisi iliyohama kutoka hosti ya zamani, yaani kampuni iliyokuwa ikitunza imeli zake, kwenda Google au Microsoft. Aliyehamisha aliongeza mstari mpya wa SPF na kuuacha wa zamani. Domeini inaruhusiwa mstari mmoja tu wa SPF. Ikiwa na miwili, mpokeaji huhesabu kuwa ni kosa na yote miwili inakuwa haina kazi. Inatakiwa iunganishwe. Lakini nayo isijazwe kila kitu, kwa sababu SPF ikimlazimu mpokeaji kufanya zaidi ya maulizo 10 ya DNS, inafeli pia.

Kesi nyingine ni programu ya ankara. Mhasibu ameiunganisha, inatuma kwa jina la kampuni, na hakuna aliyemwambia mtu wa DNS. Imeli za kawaida zinafika, ankara ndizo hazifiki. Halafu kuna mteja wako ambaye anwani yake ya ofisi hupeleka kila kitu Gmail: hapo SPF huvunjika, kwa kuwa seva iliyopeleka haimo kwenye orodha yako, na DKIM ndiyo inayokuokoa. Kwa maoni yetu, asiyekuwa na muda wa yote aanze na DKIM.

Kigumu kuliko hayo yote ni nywila ya kuingilia DNS. Domeini ilisajiliwa na kijana aliyetengeneza tovuti, kwa imeli yake binafsi, na sasa simu yake haipatikani. Hapo hatuna cha kurekebisha mpaka umiliki urudi kwako kupitia kampuni iliyoisajili, na wao watataka nyaraka za biashara yako. Kazi ya saa moja inageuka ya wiki. Angalia leo domeini yako imeandikwa kwa jina la nani.

Tuseme ukweli pia: rekodi hizi hazizuii mwizi aliyeshika nywila ya imeli yako, wala anayesajili domeini inayofanana na yako kwa kuongeza herufi moja. Na ukituma matangazo kwa watu wasioyataka, utaishia spam hata kama kila kitu kimepita.

Kujipima ni bure. Jitumie imeli ya ofisi kwenye Gmail yako, ifungue kwenye kompyuta, bonyeza vidoti vitatu vilivyo upande wa kulia wa ujumbe, kisha chagua kuona ujumbe asilia. Juu utaona matokeo ya SPF, DKIM na DMARC zilizopo, kama vile PASS (imepita) au FAIL (imefeli). Tupigie picha utuletee, pamoja na majina ya kila programu inayotuma kwa jina lako, hata ile ya matangazo uliyoiacha mwaka jana. Tunaanza na DMARC ya kuangalia tu, tunasoma ripoti kwa wiki kadhaa, ndipo tunakaza. Mabadiliko ya DNS huchukua muda kuenea, kwa hiyo kazi hii hatuifanyi siku unayotuma zabuni. Ijumaa jioni inafaa zaidi.