Wallace naye atajwe, na Ali pia

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu mageuko ya viumbe, imeandikwa vizuri sikatai, lakini ukurasa mzima ni Darwin tu toka juu mpaka chini, Alfred Russel Wallace, mtafiti wa viumbe aliyepata wazo hilohilo la Darwin, hajapewa hata mstari mmoja, na kwakweli imeniuma maana wanafunzi wangu wanakata kurasa kama hizo wanabandika kwenye madaftari.

Wallace alizaliwa Wales mwaka 1823, nyumbani hela ilikata, shule akaacha ana miaka 14 hivi, chuo kikuu hakukanyaga kusoma. Darwin alikuwa na mali ya familia, huyu alikuwa anakamata wadudu na ndege anauza Uingereza ndo apate hela ya kula. Akakaa Amazon miaka 4, anarudi 1852 meli ikashika moto katikati ya Atlantiki, mzigo ukateketea, siku 10 wako kwenye mashua jua lote lao mpaka meli nyingine ikawaokota. Na bado 1854 akaondoka tena, miaka 8 anazunguka visiwa vya Malay, yani Indonesia na Malaysia za leo, akakusanya sampuli zaidi ya 125,000!

Februari 1858 homa imemshika, kajifunika mablanketi anatetemeka kwenye joto kali, hapohapo ndo akapata jibu la jinsi viumbe wanavyobadilika, kwamba viumbe wanaofaa mazingira yao ndio wanaobaki wakazaa. Akaandika, akamtumia Darwin barua kutoka kisiwa cha Ternate. Darwin alikuwa na wazo hilohilo karibu miaka 20 hajalichapa, yani barua hiyo ndo ikamwamsha, na tarehe 1 Julai 1858 maandishi ya wote wawili yakasomwa Linnean Society, chama cha wanasayansi wa viumbe, London, Wallace hata hakuulizwa kama anakubali, yupo mbali huko hana habari. Na hakuweka kinyongo, kitabu chake cha 1889 akakiita Darwinism.

Sasa kuna mwingine ambaye hata wanaomtaja Wallace wanamruka. Kijana wa Sarawak, kisiwani Borneo, anaitwa Ali, Wallace alimchukua kama mpishi, akajifunza kupiga ndege kwa bunduki na kuwachuna, na kuchuna ndege sio mchezo jamani, ngozi itoke nzima na manyoya yake, ipakwe dawa ya aseniki isiliwe na wadudu, huku sisimizi wanavamia meza na mvua haikatiki. Mwaka huohuo 1858 kisiwani Bacan, Ali akarudi kutoka porini na ndege kamning'iniza kiunoni, kifua kijani kinang'aa, kwenye kila bega yametoka manyoya mawili marefu meupe. Wallace mwenyewe hakuwahi kumuona ndege wa namna hiyo. Wataalamu London wakampa jina la Wallace, Semioptera wallacii, ila aliyemleta ni Ali.

Wallace alimheshimu, 1862 kabla hawajaachana Singapore alimpeleka kupigwa picha, akamwachia bunduki na vifaa, na picha ile akaichapa kwenye kitabu cha maisha yake mwaka 1905. Kwahiyo Mhariri picha ipo. Naomba mtoe makala nyingine, Wallace apewe nafasi yake na picha ya Ali iwekwe kubwa na jina lake chini, mimi nitaibandika kwenye ubao wa darasa.

Mwalimu wa baiolojia,
Morogoro