Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: Hesabuni na foleni ya maji

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima. Nilikuandikia Januari, nikaandika tena Aprili. Sikujibiwa, basi leo naandika mbele za watu.

Jumanne iliyopita, saa nne usiku, binti yangu wa miaka 13 aliteleza na dumu la lita 20 akitoka kisimani, akavunjika mkono wa kulia. Mabomba ya mtaani kwetu yana wiki ya tatu sasa yanatoa upepo. Nikamkimbiza na bajaji. Nikalipia kadi, picha, hogo na dawa. Nimekaa kwenye benchi, risiti mkononi, nikakumbuka hotuba yako: uchumi umekua. Shilingi nilizotoa usiku ule zinahesabiwa kwenye Pato la Taifa, yaani thamani ya bidhaa na huduma zote zinazozalishwa nchini. Mkono wa mtoto haumo. Foleni aliyopanga tangu magharibi haimo. Wala mama yangu mzee, anayemwogesha na kumlisha mjukuu wake sasa, kazi yake haimo, kwa kuwa halipwi.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, wastani naufundisha. Mtoto mmoja kapata 95, mwenzake 5, wastani wao 50. Siwezi kumwita mzazi wa huyu wa pili nikamwambia mwanao yuko katikati. Lakini Julai 2020 sote tuliambiwa tumeingia uchumi wa kati, daraja linalopimwa kwa wastani wa pato la kila mtu, na Dira ya Taifa ya Maendeleo ya 2050 inaahidi pato la dola 7,000 kwa kila mtu kwa mwaka. Mtu yupi, Mheshimiwa?

Soma takwimu za Serikali yenyewe. Kati ya 2011/12 na 2017/18 uchumi ulikua kwa wastani wa takriban asilimia 6 kwa mwaka. Umaskini wa mahitaji ya msingi, yaani sehemu ya watu wasioyamudu, ukatoka asilimia 28.2 hadi 26.4. Miaka sita, hatua ndogo namna hiyo! Nahisi fedha zilikwenda kwenye migodi na majengo, mkulima akabaki na jembe lake.

Simon Kuznets, aliyewaandalia Wamarekani hesabu za pato la taifa lao, aliwaonya wabunge wao mwaka 1934 kwamba ustawi wa watu haujulikani kwa kutazama pato. Bhutan, nchi ndogo ya Asia inayopima furaha ya watu wake, huwauliza raia hata saa wanazolala. Na sisi tulifundishwa na Mwalimu Nyerere kwamba maendeleo ni ya watu, si ya vitu. Tumelisahau lini?

Ninachoomba ni namba moja. Juni, utakaposimama Dodoma kusoma bajeti ya Serikali, kando ya asilimia ya ukuaji tusomee saa ambazo kaya maskini hutumia kutafuta maji. Msiseme haipimiki: utafiti wa nguvu kazi wa 2014 uliwauliza watu wanavyotumia muda wao. Isome namba hiyo kila mwaka, tuone inashuka au inapanda. Namba moja tu, Mheshimiwa, nakusihi.

Binti yangu anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Mabomba bado yanatoa upepo.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa hisabati, Dar es Salaam