Barua kwa shemeji anayemleta mtoto chuo Morogoro

Shemeji,

Salamu za huku zikufikie, na hongera tena kwa mtoto kuchaguliwa. Umesema una siku tatu: moja ya kumfikisha chuoni, mbili za kutembea, kisha urudi Dar. Zinatosha kwa sharti moja, kwamba ratiba uuachie mlima wa Uluguru. Wageni wengi hufanya kinyume. Wanaamka saa mbili, wanakunywa chai taratibu, saa nne ndiyo wanaanza kupanda, na saa sita wamo ndani ya wingu jeupe, hata mti wa hatua kumi mbele hauonekani. Wakishuka wanasema Uluguru hakuna cha kuona.

Sababu yake ni upepo. Unatoka Bahari ya Hindi na unyevu wake, unavuka tambarare ya pwani, halafu unakutana na ukuta wa Uluguru. Hapo hauna pa kwenda isipokuwa juu. Ukipanda unapoa, ukipoa unageuka wingu. Alfajiri vilele huwa wazi mara nyingi. Jua likishapasha mabonde, kuanzia saa nne au saa tano, wingu linajikusanya, na mchana huweza kunyesha. Wewe unakuja Oktoba kuelekea Novemba, wakati vyuo vinafunguliwa, na hiyo ndiyo vuli. Basi mambo ya juu yawe ya asubuhi, ya chini yangoje mchana. Na mvua hiyo usiinunie: ndiyo inayotiririka kuwa mto Ruvu, na maji ya Ruvu ndiyo yanayofika bombani Dar.

Tuanze na mtoto. Barua ya kujiunga isome mpaka uone jina la kampasi, maana hapa ndipo wazazi wengi wanapopotea na mabegi yao. Chuo Kikuu cha Sokoine, SUA, kina kampasi kuu pale chini ya mlima, na kina Kampasi ya Solomon Mahlangu huko Mazimbu, upande mwingine kabisa wa mji. Wengi wa sayansi za jamii wanasomea Mazimbu. Kama ni Chuo Kikuu Mzumbe, hicho hakipo mjini: kiko upande wa barabara ya Iringa, zaidi ya kilomita 20 kutoka Morogoro. Ukiwa na basi la Iringa au Mbeya, mwambie kondakta mapema akushushe njia ya Mzumbe. Vinginevyo utashushwa Msamvu, stendi ya mabasi ya mjini, na kuanza kutafuta gari jingine, tranka kichwani.

Treni ya SGR, ile ya reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024, inakufikisha chini ya saa mbili. Basi ni kilomita kama 190, na muda wake unategemea foleni ya kutoka Dar. Hesabu saa nne na ushukuru zikipungua. Ila treni ina mambo yake. Tiketi ina jina, kwa hiyo kila mtu awe na kitambulisho, na kituo cha Morogoro kiko Kihonda, nje ya katikati ya mji, utahitaji bajaji au daladala. Godoro, ndoo na jiko la gesi usivibebe: utasumbuka navyo getini na bei za huku hazina tofauti ya kukutoa jasho. Mje na mashuka, nguo na vyeti, vingine mvinunue mjini.

Mkishamaliza usajili siku hiyo ya kwanza, mchana wake nenda Mazimbu hata kama mtoto yuko kampasi nyingine. Palikuwa shamba la mkonge. Baada ya mauaji ya Soweto ya 1976, vijana wengi wa Afrika Kusini walikimbia nchi yao, na serikali ya Tanzania ikawapa ANC, chama chao cha ukombozi, eneo hilo wajenge shule. Ilianza 1978, ikaitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria mwaka 1979, na ilikabidhiwa kwa Tanzania 1992. Majengo yale ndiyo watoto wetu wanayosomea leo. Makaburi ya wapigania uhuru yapo palepale. Omba ruhusa getini, tembea taratibu, soma majina na miaka yao. Wengine walikufa wadogo sana, mbali na mama zao.

Kabla ofisi hazijafungwa siku hiyohiyo, kamilisha kibali cha mlima. Uluguru ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu 2008, iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na ofisi yao iko hapa mjini. Unapewa kontroli namba, unalipa kwa simu au benki, unabaki na risiti. Watu wanakosea kwa kungoja asubuhi ya safari: ofisi inafunguliwa wakati wewe ulipaswa kuwa umeshapanda kwa muda wa saa moja na nusu. Na kama siku ya mlima ni Jumapili, kibali kichukuliwe Ijumaa. Muongozaji utapangiwa huko au kupitia kikundi cha utalii wa utamaduni cha Chilunga. Usipande peke yako, hata kama njia inaonekana wazi kutoka chini. Juu ya mashamba inagawanyika mara nyingi, na simu mkononi mwa mgeni aliye peke yake inawavutia wenye nia mbaya.

Sasa mlima wenyewe. Mji uko kwenye mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari. Morningside, lile jengo la enzi za Wajerumani unaloliona kama nukta nyeupe, iko karibu mita 1,300. Bondwa, kilele chenye minara ya mawasiliano, ni kama mita 2,120. Kwa hiyo kuna ngazi mbili, kila moja karibu mita 800 za kwenda juu. Mtu mzima asiye mgonjwa anapanda mita 300 hadi 400 kwa saa, akipumzika. Hesabu basi: saa mbili na nusu hadi Morningside, saa mbili na nusu nyingine hadi Bondwa, saa nne za kushuka. Jumla ni saa tisa. Ukianza saa kumi na mbili asubuhi unarudi saa tisa alasiri. Ukianza saa tatu, unafika chini saa kumi na mbili jioni, na ukichelewa kidogo tu giza la saa moja kasoro linakukuta njiani. Wekeni sharti kabla ya kuondoka: ikifika saa sita mchana, popote mlipo, mnageuza.

Kama magoti yako bado yanalalamika, ishia Morningside bila aibu. Njia inaanzia upande wa Boma, inapita kwenye mashamba na vijiji vya Waluguru, na bodaboda zinafika mbali kiasi kama ardhi imekauka. Alfajiri utapishana na akina mama wanaoshuka na matenga ya mboga kichwani kwenda sokoni. Wao wana mzigo na wako kwenye mteremko, kwa hiyo wewe ndiye unayesimama pembeni, upande wa juu wa njia, nao wapite. Salimia kwanza, picha baadaye, na picha ni kwa ruhusa.

Juu ya Morningside mashamba yanakoma na msitu unaanza, na hapo ndipo vuli inapokupima. Udongo ni mwekundu wa mfinyanzi. Ukiwa mkavu unashika vizuri. Ukilowa kidogo tu juu, ile ngozi yake ya kwanza inageuka kama sabuni juu ya sahani, chini bado kugumu. Raba ya soli bapa hapo haina kazi; tafuta kiatu chenye meno, hata cha mtumba, kiwe kimeshavaliwa wiki mbili. Kata kucha za miguu siku moja kabla, kwa sababu kwenye kushuka vidole vinagonga mbele ya kiatu kwa saa nne mfululizo, na kucha ndefu zinageuka nyeusi. Fimbo ni lazima, ya kufika kiunoni. Ukishuka pindisha magoti kidogo, weka mguu kwa ubavu, hatua fupi. Wanaoanguka ni wale wanaojirudisha nyuma kwa kuogopa: uzito unaenda kisiginoni, kisigino kinateleza, na mkono unaotangulia kuzuia ndio unaovunjika.

Maji lita tatu kwa kila mtu. Ndizi, mayai ya kuchemsha, mkate, chumvi kidogo. Koti la mvua, na sweta ndani ya mfuko wa plastiki, maana kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua nyuzi kama sita. Kule Bondwa ni baridi ya nyuzi kumi chini ya mjini, na jasho lako litapoa mwilini dakika ile unayosimama. Vaa sweta ukifika, usingoje utetemeke.

Ukiwa msituni nyamaza kidogo. Kuna ndege wa jamii ya kipwe, mgongo wa kijani, tumbo la manjano, kichwa cheusi, ambaye duniani kote anaishi Uluguru tu. Kumwona ni bahati kubwa. Wengi humsikia tu. Msitu huu umedumu na unyevu wake kwa mamilioni ya miaka, ndiyo maana una viumbe visivyopatikana kwingine. Using'oe ua lolote.

Watakuambia pia habari za Lupanga, mita 2,138. Kwa safari hii achana nayo. Ni mizizi na utelezi kuanzia chini hadi juu, unapanda kwa mikono, na mara nyingi miti inaficha mandhari. Kimhandu, kilele kirefu kuliko vyote, zaidi ya mita 2,600, ni safari ya kulala porini.

Kwenye mito na maporomoko, kama Choma upande wa Morningside au Hululu kule Kinole, kumbuka jambo moja: mvua ya juu huioni ukiwa bondeni. Jua linaweza kuwaka ulipo huku juu kunanyesha. Maji yakibadilika rangi kuwa ya chai ya maziwa, au majani na vijiti vikianza kupita kwa wingi, toka mtoni papo hapo, usirudie viatu. Kinole chenyewe kinastahili siku kwa ajili ya mashamba ya viungo na ndizi, lakini mteremko ule wa mashariki ndio unaopata mvua nyingi zaidi na barabara yake kipindi hicho ni matope. Kiache mpaka Julai au Agosti.

Siku ya tatu nenda Mikumi. Miguu itakuwa imekaza kama mti, na mbugani unakaa ndani ya gari. Geti liko karibu kilomita 100 kutoka mjini kwenye barabara ya Iringa. Ondoka saa kumi na moja alfajiri ili uingie wakati wanyama bado wanatembea. Barabara kuu inapita katikati ya hifadhi kwa kilomita kama 50, na anayepita tu halipi kiingilio, ndiyo maana wengine wanaona twiga dirishani wakadhani wameimaliza Mikumi. Ingia ndani, uende uwanda wa Mkata na bwawa la viboko. Malipo hayapokelewi taslimu. Gari liwe la juu na dereva awe anayeijua mbuga: udongo wa Mkata ni mweusi, ukinyeshewa unajaza matairi mpaka yanakuwa laini kama mpira wa miguu, na gari dogo linabaki hapo. Uliza getini njia zipi zimefungwa, wakikuambia usipite, usipite.

Kama mtoto yuko Mzumbe, unaweza kubadilisha Mikumi kwa Mgeta. Unakata Sangasanga, unapanda mpaka mashamba ya ngazi yenye kabeji, njegere, karoti na viazi, na hewa inakuwa ya kuvalia koti. Kwa macho yetu ni pazuri kuliko Mikumi. Lakini mvua ikinyesha usiku, mpigie dereva wa huko kwanza.

Halafu kuna panya. Tunakuomba sana utafute asubuhi ya nne kwa ajili yao. Ndani ya SUA shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Panya mmoja ana uzito wa kama kilo moja, hawezi kulipua bomu kwa kulikanyaga. Anafungwa kamba, anapita kwenye mstari kati ya wafundishaji wawili, pua chini. Akinusa baruti anasimama, anakwaruza ardhi kwa miguu ya mbele. Mfundishaji anabonyeza kidude kinacholia “tik”, na panya anakimbia kupokea kipande cha ndizi, anakishika kwa mikono miwili kama mtoto. Wanafanya mazoezi alfajiri kwa sababu ni wanyama wa usiku na jua linaunguza masikio yao. Hupakwa hata mafuta ya kuzuia jua. Magawa, aliyepata medali ya dhahabu Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia, alifundishwa hapahapa. Weka nafasi kabla, wageni hawaingii kwa kubisha hodi tu.

Zawadi za nyumbani nunua Soko Kuu la Chifu Kingalu, asubuhi, mboga zikiwa ndiyo zimeshuka mlimani. Karoti na njegere zinafika Dar salama. Parachichi chagua gumu.

Tiketi ya treni ya kurudi kata ya mchana, na ukae upande wa kulia kwa mwelekeo wa Dar, mlima utakusindikiza kwa dakika kadhaa. Tuandikie ukishajua kampasi na tarehe ya kuripoti, tumtafute muongozaji wa Bondwa mapema, maana wiki ile ya kufungua vyuo wazazi ni wengi.

Wako,
Shemeji zako wa Morogoro