Sentensi moja ya vita

Ndugu yangu Rashidi,

Salamu nyingi. Barua yako nimekaa nayo wiki tatu, na safari hii si uvivu. Kuna mahali uliniudhi. Uliandika kwamba vita vya Marekani dhidi ya ugaidi havikwisha kwa sababu gaidi hana nchi wala sare, basi hakuna wa kuja mezani kusalimu amri. Kweli, kwa kiasi chake. Ila mimi naona kuna kilichotangulia, na kilikuwa kwenye karatasi siku tatu tu baada ya minara ya New York kuanguka.

Unanijua mimi na kazi yangu ya kutafsiri. Kitu kikinisumbua nakitia kwenye Kiswahili nione kitagoma wapi. Basi nikaichukua ile sheria ya Kongresi, bunge la Marekani, iliyopitishwa Septemba 14, 2001. Uzito wake wote umo kwenye sentensi moja, maneno 60 kwa Kiingereza. Nilichopata ni hiki, usinicheke:

"Rais anaruhusiwa kutumia nguvu zote zinazohitajika na zinazofaa dhidi ya mataifa, vikundi au watu ambao yeye ataona kwamba walipanga, waliidhinisha, walitekeleza au walisaidia mashambulizi ya kigaidi ya Septemba 11, 2001, au waliwapa hifadhi vikundi au watu hao, ili kuzuia vitendo vyovyote vijavyo vya ugaidi wa kimataifa dhidi ya Marekani kutoka kwa mataifa, vikundi au watu hao."

Kwanza nilikwama kwenye ngeli. Kiingereza kina kineno kimoja kinachobeba mataifa, vikundi na watu kwa mkupuo. Sisi tunataka kujua ni yaliyopanga, vilivyopanga au waliopanga. Nikawaswaga wote kwenye zizi la "watu", nikaona haya kidogo, nikasonga mbele. Mkwamo wa pili ndio ulioniondolea usingizi: "yeye ataona". Huyo yeye ni Rais. Adui ni nani? Ni yule ambaye Rais ataona kuwa ni adui. Hakuna al-Qaeda humo, kundi lililofanya mashambulizi yale, hakuna Afghanistan, hakuna mpaka wa nchi yoyote. Nimeisoma mara nne nikitafuta "hadi" tu, hadi mwaka fulani, hadi jambo fulani litimie. Haimo.

Seneti iliipitisha kwa kura 98 bila ya kupinga hata moja. Baraza la Wawakilishi, 420 kwa moja. Yule mmoja alikuwa Barbara Lee wa California, na kwa kura hiyo alitishiwa kuuawa mpaka akawekewa walinzi. Siku chache baadaye aliandika gazetini kwamba Rais amepewa hundi iliyoachwa wazi. Sasa kusema alikuwa na hoja ni rahisi. Wiki ile, watu wangali wanafukua vifusi, sijui kama mimi ningethubutu.

Hundi nayo ikajazwa na mikono mingi. Chukua al-Shabaab, kundi lililopata nguvu Somalia mnamo 2006. Litahusikaje na Septemba 11? Wanasheria wa serikali wakaja na neno "washirika" wa al-Qaeda, ambalo kwenye yale maneno 60 hulikuti, na mwishoni mwa 2016 utawala wa Obama ukaihesabu al-Shabaab nzima humo. Kituko zaidi ni ISIS. Februari 2014 al-Qaeda wenyewe waliikana hadharani. Mwaka huohuo Marekani ikaanza kuipiga mabomu Iraq na Syria, na sheria iliyotajwa ni ileile ya 2001. Ni sawa na mtoto aliyefukuzwa nyumbani, kisha anafuatwa alikokimbilia adaiwe deni la baba.

Ninachokuuliza, Rashidi, ni hiki: ni lini Kongresi ilikaa ikasema, haya, sasa tunakwenda na huku? Oktoba 4, 2017, wanajeshi wanne wa Marekani waliuawa pamoja na wenzao wa Niger karibu na kijiji cha Tongo Tongo. Seneta Lindsey Graham, mjumbe wa kamati ya majeshi, akasema kwenye televisheni kwamba hakujua kama kuna askari elfu moja huko. Mtu anayepitisha bajeti yao!

Najua utanirudishia 1998. Na una haki. Agosti 7 mwaka ule balozi za Marekani zilipolipuliwa, watu 224 walikufa Nairobi na Dar es Salaam, wengi wao Wakenya na Watanzania waliokuwa kwenye shughuli zao, na magaidi hawakusubiri bunge la mtu yeyote. Hatari ni ya kweli, hilo silibishi. Lakini angalia kilichofuata. Watu wanne walishtakiwa New York, wakahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2001, mahakama ya kawaida kabisa. Ahmed Ghailani, Mzanzibari aliyeshtakiwa kwa milipuko hiyohiyo, yeye alikamatwa Pakistan mwaka 2004, akapitishwa kwenye magereza ya siri ya CIA, shirika la ujasusi la Marekani, kisha Guantánamo, gereza lao la kijeshi huko Cuba. Kesi yake iliposikilizwa New York mwaka 2010, hakimu alimkataa shahidi mmoja muhimu kwa kuwa jina lake lilipatikana kwa kumbana mtuhumiwa. Baraza la wazee wa mahakama likamwachia kwenye mashtaka zaidi ya 280 na kumtia hatiani kwa moja. Watu wakapiga kelele kwamba mahakama ni dhaifu. Kwa hilo moja alipata maisha, na yumo ndani. Khalid Sheikh Mohammed, anayetuhumiwa kupanga Septemba 11, alikamatwa mwaka 2003; kesi yake imebaki Guantánamo, na bado hukumu haijatoka.

Kama ningeulizwa, ningetaka kura mpya kila baada ya miaka mitatu hivi, majina ya makundi na ya nchi yametajwa, na asiyetajwa asipigwe. Utasema nawaonesha magaidi orodha. Wanaijua tayari; asiyeijua ni mpiga kura.

Sasa turudi kwenye "ataona". Agosti 29, 2021, siku moja kabla ya askari wa mwisho kuondoka Kabul, ndege isiyo na rubani ilifuata Corolla nyeupe kwa saa nyingi. Kwenye skrini walionekana wanaume wakipakia vitu vizito garini. Waliotazama wakaona mabomu. Gari lilipoingia uani nyumbani, watoto wakakimbilia kulipokea, na kombora likashuka. Walikufa watu 10, saba kati yao watoto. Dereva alikuwa mfanyakazi wa shirika la misaada, na vile vitu vizito vilikuwa madumu ya maji. Septemba 17 Pentagon, wizara ya ulinzi ya Marekani, ikakiri kuwa ni kosa. Hakuna aliyeadhibiwa.

Tangu hapo hiyo tafsiri yangu haitulii. Neno lililo karibu zaidi na Kiingereza chao ni "ataamua", nami nimelifuta "ataona" mara mbili nikaliweka hilo, kisha nikalirudisha. Ungekuwa wewe, ungeacha lipi? Nijibu upesi kuliko nilivyokujibu mimi, na wote hapo nyumbani wasalimie.

Wako,
Salimu